Ramani ya Bariadi isiwe ramani ya vipato

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa rasmi Machi 2012. Sehemu yake kubwa ilimegwa kutoka Shinyanga, Busega ikatoka Mwanza, na Bariadi ikapewa hadhi ya makao makuu. Sensa ya Agosti mwaka huo ilihesabu watu 1,584,157. Sensa ya 2022 ikahesabu 2,140,497. Ndani ya miaka 10 mkoa umeongezeka watu zaidi ya 556,000, na wengi wa hao ni watoto ambao muda si mrefu nao watakuwa wanatafuta chumba cha kupanga au kiwanja cha kujenga.

Watajenga wapi, na majirani zao watakuwa nani? Swali hili halijapewa nafasi linayostahili katika mijadala ya mkoa wetu. Limeachiwa mchoro wa mipango miji, bei ya kiwanja na uwezo wa mtu kulipa kwa haraka. Mambo hayo matatu yakiachwa yajiendeshe yenyewe, mwisho wake unajulikana. Wenye kipato watakaa peke yao karibu na lami, bomba la maji na ofisi za serikali. Wasio nacho watasukumwa pembeni, na kila mji utakapokua watasukumwa tena. Tunasema mapema na bila kumung'unya maneno: Bariadi haina sababu ya kupita njia hiyo. Kiongozi atakayeuachia mji upite huko hatakuwa na utetezi kwamba hakuambiwa.

Tulikotoka

Kugawa mji kwa kipimo cha kipato hakukuanza leo, na hakukuanzishwa na soko. Wajerumani waliigawa Dar es Salaam kwa sheria ya ujenzi mwaka 1914, wakatenga kanda za majengo ya kudumu ya Kizungu na kanda ya nyumba za wenyeji. Waingereza walipoichukua Tanganyika chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa, walibanwa na masharti yaliyokataza ubaguzi wa wazi. Hawakushindwa. Badala ya kutaja rangi ya mtu, walitaja aina ya jengo. Aliyeweza kujenga nyumba ya mawe na kuizungushia bustani kubwa alipata kanda ya kwanza, na aliyejenga kwa miti na udongo alikuwa na kanda yake. Kwa njia hiyo tukapata Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na hakuna karatasi ya serikali iliyolazimika kuandika kwamba Mwafrika haruhusiwi.

Uhuru ulipokuja, taifa lilijaribu kuufuta mpangilio huo. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962 ili mwananchi wa kipato cha chini apate nyumba ya staha. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba za kupangisha, kwa sababu waasisi walielewa kwamba kiongozi anayeishi kwa kodi za wapangaji wake hawezi kutunga sera ya kuwatetea. Mwaka 1971 majengo ya thamani ya zaidi ya Sh 100,000 yaliyokuwa yakipangishwa yalitaifishwa. Katikati ya miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, vilipimwa viwanja vyenye huduma huko Sinza, Kijitonyama na Mikocheni jijini Dar es Salaam, na pia Mwanza na Mbeya.

Lakini mizizi haikung'olewa. Kanda za mkoloni ziliendelea kuishi kwa majina mapya: ujazo mdogo, ujazo wa kati na ujazo mkubwa. Viwanja vingi vya Sinza na Kijitonyama viliishia mikononi mwa watumishi na wafanyabiashara wenye uwezo, kwa kuwa maskini hakumudu gharama za ujenzi alizotakiwa kufikia. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilifungwa mwaka 1995. Azimio la Zanzibar la 1991 liliondoa masharti ya uongozi. Na mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali iliuza sehemu kubwa ya nyumba zake kwa watumishi wake, zikiwamo zilizokuwa katika maeneo ya thamani kubwa kuliko yote nchini. Kila hatua ilikuwa na maelezo yake. Kwa pamoja zilimwondoa mtu wa kipato cha chini katika hesabu.

Somo la viwanja 20,000

Kama kuna mradi ambao kila afisa ardhi wa Simiyu anapaswa kuusoma kabla ya kuchora mchoro mwingine, ni ule wa viwanja 20,000 ulioanza Dar es Salaam mwaka 2002. Nia yake ilikuwa njema: kupunguza makazi holela kwa kupima maeneo mapya ya pembezoni kama Bunju, Mbweni, Toangoma na Kijichi. Serikali ilitwaa mashamba, ikalipa fidia, ikapima, ikauza. Gharama zilirudi. Kwa hesabu za hazina ulikuwa mradi wa mafanikio.

Kwa hesabu za wenye mashamba mambo yalikuwa tofauti. Wengi wao walilipwa fidia ya mimea na vibanda kwa thamani ya shamba, kisha wakatazama ardhi ileile ikiuzwa kwa thamani ya kiwanja. Fidia haikutosha kununua hata kiwanja kimoja katika eneo ambalo jana lilikuwa lao. Wakahamia mbele zaidi, kusikopimwa, na huko wakaanzisha makazi holela mapya. Waliobaki walijikuta wakizungukwa na kuta ndefu za nyumba za watu ambao hawakuwa na sababu ya kuwajua. Mradi uliokusudiwa kupunguza makazi holela uliyasogeza tu kilomita kadhaa, na ukaacha nyuma mitaa ya tabaka moja.

Bariadi leo iko pale ilipokuwa Bunju wakati ule. Mashamba ya pamba na mahindi yanakaribiana na mji. Kata za Somanda, Sima, Malambo, Nyangokolwa, Isanga na Nyakabindi bado zina nafasi, na kaya nyingi za Kisukuma bado zina uwanja mpana, ng'ombe, minyaa ya kuzungushia boma na ngitili ya malisho ya kiangazi. Mji ukipanda juu ya ardhi hiyo, mwenye kaya ndiye atakayekuwa wa kwanza kuitwa kusaini fomu ya fidia. Atalipwa nini, na atabaki wapi?

Hesabu ya mkulima

Tuchukue mfano, tukitumia bei ambayo wakulima wa pamba wanaikumbuka vizuri, Sh 1,200 kwa kilo ya msimu wa 2019. Mkulima mwenye eka tatu, akivuna kilo 250 kwa eka, atapata kilo 750. Hiyo ni Sh 900,000 kabla hajaondoa mbegu, dawa za wadudu, palizi na vibarua wa kuvuna. Ndiyo fedha taslimu ya mwaka mzima, na humo kuna ada, matibabu na msiba.

Sasa tuseme kiwanja kinauzwa Sh 2,000 kwa mita moja ya mraba. Kiwanja cha mita 600 za mraba kitagharimu Sh 1,200,000. Mkulima huyu hata akiuza pamba yote na kulala njaa hakipati. Kiwanja cha mita 300 kwa bei hiyohiyo ni Sh 600,000, na hicho anaweza kukifikia akipewa misimu miwili ya kulipa. Bei ya mita haikubadilika. Kilichomtoa au kumwingiza ni ukubwa wa kiwanja, na ukubwa huo uliamuliwa na mtu aliyekaa ofisini na rula. Ndiyo maana tunakataa hoja kwamba soko ndilo linalowatenga maskini. Soko linafanya kazi juu ya mchoro, na mchoro una mwenyewe.

Ongeza muda wa malipo. Tangazo la kawaida la viwanja humtaka mnunuzi amalize malipo ndani ya miezi michache. Kwa mtumishi mwenye mshahara na mkopo wa benki, hilo ni jambo la kawaida. Kwa mkulima wa mkoa unaoongoza nchini kwa pamba, fedha huja mara moja kwa mwaka, vyama vya ushirika vya msingi vinapoanza kununua baada ya mavuno. Tangazo likitoka Desemba, wakati watu wako shambani na debe la mahindi limepanda bei, limekwisha kumbagua mkulima bila kumtaja. Halmashauri inayojua kalenda ya pamba vizuri kiasi cha kukusanya ushuru wake kwa wakati haiwezi kudai kwamba haikuijua wakati wa kuuza viwanja.

Kuna pia sharti la kuendeleza. Hati ya kumiliki ardhi kwa kawaida humtaka mwenye kiwanja akamilishe ujenzi ndani ya miezi 36. Watu wetu hawajengi hivyo. Wanafyatua tofali mwaka huu, wanachoma mwaka ujao, wanaweka msingi, wanasubiri msimu mzuri, wanainua hadi renta, kisha nyumba inasimama miaka miwili ikingoja bati. Kumpima mtu huyo kwa miezi 36 ni kumwandalia njia ya kunyang'anywa au kumlazimisha auze kwa dalali. Wakati huohuo, mwenye fedha aliyenunua viwanja vitano kwa kukisia kwamba bei itapanda huviacha majani yaote, na ni nadra kusikia amebughudhiwa.

Umma unamlipia nani?

Watetezi wa mitaa ya viwanja vikubwa hupenda kusema kwamba wakazi wake wanajilipia. Si kweli, na hesabu yake ni nyepesi. Chukua barabara ya kilomita moja. Upana wa viwanja ukiwa mita 20, kila upande utakaa viwanja 50, na barabara hiyo itahudumia nyumba 100. Upana ukiwa mita 40, itahudumia nyumba 50. Barabara, mtaro, nguzo na bomba ni vilevile. Maana yake ni kwamba kila nyumba ya kiwanja kikubwa imetumia mara mbili ya fedha za umma, na TARURA na mamlaka ya maji ndio waliolipa.

Hili lina uzito wa pekee hapa kwetu sasa. Bariadi ilikuwa miongoni mwa miji 18 iliyonufaika na mpango wa kuimarisha mamlaka za miji uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia mwaka 2012. Nyakabindi ilipewa viwanja vya Nanenane vilivyopokea maonesho ya kitaifa mwaka 2018. Na mradi mkubwa kuliko yote, wa kuleta maji ya Ziwa Victoria Simiyu kwa ufadhili wa Mfuko wa Kijani wa Tabianchi na serikali ya Ujerumani, uliidhinishwa na mfuko huo mwaka 2017, awamu yake ya kwanza ikilenga Busega, Bariadi na Itilima. Fedha hizo zilitafutwa kwa jina la wananchi wanaoteseka na ukame. Zitakuwa zimepotoshwa iwapo maunganisho ya kwanza ya maji yatafuata viwanja vilivyopimwa vya wenye nacho, na mtaa wa mama anayebeba ndoo ukaambiwa usubiri kwa kuwa haujapimwa.

Mstari wa ramani humuumiza maskini kwa njia nyingine pia. Mwaka 2022 TANESCO ilirudisha ada ya kuunganisha umeme mjini hadi Sh 320,960 kwa mteja wa kawaida aliye karibu na nguzo, huku kijijini ikibaki Sh 27,000. Mwananchi wa ukingoni mwa mji, mwenye jembe, mbuzi na nyumba ya tofali mbichi, anahesabiwa kuwa wa mjini siku shamba lake linapoingia katika mipaka ya mamlaka ya mji. Anarithi gharama za mjini kabla hajaiona faida yoyote ya mjini.

Na ardhi yenyewe haifanani. Kila mtu wa Simiyu anaujua udongo mweusi wa mbuga. Mvua zikinyesha huvimba, kiangazi hupasuka, na ukuta uliosimama juu yake kwa msingi mfupi hupasuka nao. Fundi mzuri anaweza kujenga juu ya mbuga, lakini kwa msingi mrefu, nondo na saruji nyingi, yaani kwa fedha. Mji ukitenga ardhi ya kichanga iliyoinuka kwa viwanja vikubwa na kuwaachia watu wa chini mbuga, utakuwa umewapa nyumba ya gharama kubwa wale wasio na fedha.

Madhara hayaishii kwenye nyumba

Mtaa humpa mtoto shule, zahanati, njia ya kwenda sokoni na watu wa kumwonyesha kazi. Tangu Januari 2016 elimu ya msingi na sekondari hadi kidato cha nne inatolewa bila ada, na taifa linajivunia hilo kwa haki. Lakini shule ya mtaa ambao wazazi wake wote hawana kitu haina wa kuipigania. Hakuna mzazi mwenye namba ya simu ya mkurugenzi, wala anayejua bajeti ya halmashauri inajadiliwa lini. Mtaa wenye mwalimu, muuguzi, fundi cherehani, mkulima na mfanyabiashara wa pamba una sauti ndani ya kamati ya shule. Mtaa wa wenye shida peke yao una malalamiko tu.

Vilevile kwa kazi. Anayefagia ofisi za mkoa, anayepika chakula cha mchana cha watumishi, anayelinda maduka usiku na anayeendesha bodaboda ndio wanaoufanya mji uende. Wakisogezwa mbali, kipato chao kitaliwa na nauli, na cha kuweka mezani kitapungua. Mji unaowahitaji watu saa kumi na mbili asubuhi na usiowataka saa kumi na mbili jioni unawanyonya.

Wanaopinga wanasema nini

Wapo watakaosema kuchanganya mitaa kunashusha thamani ya viwanja. Thamani ya kiwanja mjini huletwa na lami, maji, umeme na usalama, na vyote hivyo tumekwisha kuonyesha kwamba hulipiwa na umma. Kama umma ndio uliopandisha thamani, umma una haki ya kuamua nani akae hapo.

Wapo watakaosema halmashauri inahitaji mapato ya ndani, na viwanja vikubwa ndivyo vinavyolipa. Tunauelewa ugumu wa bajeti. Lakini hesabu ya mita za mraba iko wazi: eneo lilelile likigawanywa katika viwanja vidogo kwa bei ileile ya mita, halmashauri inakusanya karibu kiasi kilekile, walipa kodi ya ardhi na kodi ya majengo wanakuwa wengi zaidi, na linatumika bomba fupi zaidi kwa kila kaya. Hasara iko wapi?

Wapo pia watakaosema Bariadi ni mji mdogo, na mambo haya ni ya Dar es Salaam au Nairobi. Hiyo ndiyo hoja dhaifu kuliko zote. Nairobi ilianza kuwatengea Waafrika Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920, mji ukiwa bado mdogo, na karne moja baadaye Runda ya matajiri na Kibera ya maskini bado hazifahamiani. Samaki hukunjwa angali mbichi. Ufaransa ilichelewa, ikalazimika kutunga sheria Desemba 2000 inayozitaka manispaa kuwa na angalau asilimia 20 ya nyumba za kodi nafuu, kiwango ambacho baadaye kilipandishwa hadi asilimia 25 kwa nyingi kati yake. Hata hivyo manispaa tajiri kama Neuilly-sur-Seine, jirani na Paris, zimebaki mbali na kiwango hicho miaka zaidi ya 20 baadaye, zikilipa faini. Mitaa ya tabaka moja ikishajengwa, hata dola yenye nguvu hushindwa kuifungua.

Na hapa nyumbani tunao mfano wa upande mwingine. Magomeni Kota, Dar es Salaam, kaya 644 ziliondolewa katika nyumba za zamani kwa ahadi ya kurudi. Zilisubiri miaka mingi mno, na kwa hilo hakuna wa kupongezwa. Lakini ahadi ilishikwa: majengo mapya yalizinduliwa Machi 2022, na wakazi wa awali wakapewa nafasi humo, katikati ya jiji, katika ardhi ambayo mwekezaji yeyote angeitamani. Ilionekana kwamba serikali ikiamua maskini abaki mahali pazuri, anabaki.

Hukumu yetu

Sheria haituzuii. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya 1999 inataja katika misingi yake mgawanyo wa haki wa ardhi na fursa ya kuipata kwa raia wote, pamoja na fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Ibara ya 24 ya Katiba inalinda mali ya mtu dhidi ya kutwaliwa bila fidia inayostahili. Sheria ya Mipango Miji Namba 8 ya 2007 inawapa mamlaka za mipango nguvu ya kuandaa michoro na kuirasimisha mitaa iliyokwisha kujengwa. Kinachokosekana ni uamuzi. Kwa hiyo tunazitaka Halmashauri ya Mji wa Bariadi na halmashauri nyingine zote za mkoa zichukue hatua zifuatazo.

Kwanza, mwenye ardhi inayopimwa apate kiwanja ndani ya mchoro huohuo, kama sehemu ya fidia yake na kwa kadiri ya ardhi aliyotoa. Fedha peke yake isiwe njia ya kumwondoa.

Pili, ukomeshwe utaratibu wa kutenga eneo zima kwa ujazo mmoja. Kila mchoro mpya uchanganye viwanja vidogo, vya kati na vikubwa katika mtaa mmoja, kwenye barabara moja, wakazi wakitumia shule moja na soko moja.

Tatu, madiwani wapitishe kanuni ya kutenga sehemu maalumu ya viwanja vya kila mradi kwa watu wa kipato cha chini. Nchi hii tayari ilitunga sheria inayozitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kinachowezekana kwa fedha kinawezekana kwa ardhi.

Nne, malipo ya viwanja yafuate kalenda ya pamba, kwa awamu zisizopungua misimu miwili. Na muda wa kuendeleza kiwanja uongezwe kwa mtu anayejenga nyumba yake ya kwanza na ya pekee, huku wanaohodhi viwanja vingi bila kuviendeleza wakibanwa ipasavyo kisheria.

Tano, mitaa iliyokwisha kujengwa bila kupimwa irasimishwe kabla ya kupima maeneo mapya ya wenye uwezo. Tumeona katika miji mingine wananchi wakichangia fedha zao kwa kampuni za upimaji ambazo hazikumaliza kazi. Hapa kwetu halmashauri isimamie yenyewe kazi hiyo, na fedha ya mwananchi isitolewe kwa kampuni kabla kazi haijaonekana.

Sita, maji ya Ziwa Victoria yaanze kuunganishwa kwenye vioski na nyumba za mitaa yenye uhitaji mkubwa, na orodha ya mitaa hiyo ibandikwe kwenye mbao za matangazo za kata.

Shirika la Nyumba la Taifa nalo tunaliuliza kwa nini nyumba zake za miaka ya karibuni, kwa bei zake, zimekuwa kwa kiasi kikubwa nyumba za tabaka la kati. Taifa ambalo serikali yake yenyewe hutaja upungufu wa nyumba milioni 3 na mahitaji mapya ya nyumba 200,000 kila mwaka haliwezi kuendelea kujenga kwa ajili ya wale ambao wangeweza kujijengea. Simiyu inahitaji vyumba vya kupanga vya bei nafuu vya kumstiri mwalimu mpya, mhudumu wa hospitali na fundi, kabla ya jengo lolote la kupigia picha.

Tunayasema haya kwa Bariadi, lakini tunatazama pia Dutwa, Lagangabilili, Nyashimo, Mwanhuzi, Maswa na Lamadi. Yote ni maeneo yanayokua kwa kasi, mengine kwa sababu ya makao makuu ya halmashauri, mengine kwa sababu ya barabara na ziwa. Kila moja linachorwa sasa.

Na wananchi wasikae pembeni. Mkutano wa mtaa una haki ya kuuliza mchoro uko wapi, viwanja vingapi ni vya ukubwa gani, waliofidiwa wamepewa vingapi, na nani amenunua zaidi ya kimoja. Mwenyekiti wa mtaa asiyeweza kujibu arudi halmashauri akalete majibu, na diwani aje mwenyewe kuyaeleza.

Kabla ya kupitisha bajeti ya mwaka wa fedha ujao, Baraza la Madiwani la Mji wa Bariadi litangaze hadharani majibu ya maswali hayo kwa kila mradi wa viwanja ulio mezani. Mradi usio na majibu usimamishwe. Halmashauri itakayouza ardhi bila kuwaeleza watu wake watabaki wapi itakuwa imewauza wao pamoja na ardhi hiyo, na wapiga kura wana haki ya kuihukumu hivyo.